Kozi fupi za kufundisha Kiingereza: uliza kwanza utasimama darasani masaa mangapi

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza achukue kozi gani fupi ili aweze kufundisha Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao, na karibu wote wanaanzia kwenye cheti, kipi kinakubalika, kipi cha haraka, kipi mtu anaweza kusoma kwenye simu usiku akitoka kazini. Mimi huwa namrudishia swali: kwenye hiyo kozi utasimama mbele ya wanafunzi wa kweli masaa mangapi, huku mtu mzoefu amekaa nyuma ya darasa anaandika kila unachofanya? Jibu likiwa sifuri basi unalipia maelezo tu, na maelezo mengi yapo bure. Likiwa masaa 6, hata kama 6 yanaonekana machache, hapo ndo kuna kozi.

Naomba nieleze kwa urefu mana hapa watu wanapoteza hela na muda, na wengine ni walimu wazuri kabisa ambao wangefika mbali kama wangeanzia pazuri.

Majina yasikuchanganye

TEFL si jina la cheti, ni jina la kazi yenyewe, kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. TESOL nayo ni hivohivo, kufundisha Kiingereza kwa wanaozungumza lugha nyingine. Hamna mtu anayemiliki hayo maneno, kwahiyo yeyote anaweza kufungua tovuti na kutoa cheti kilichoandikwa TEFL, kikawa kizuri au kikawa kibovu, jina halikuambii kitu. Vyeti vya kuanzia ambavyo waajiri wa nchi nyingi wanavijua kwa jina ni viwili, CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London, na vyote viko levo ya 5 kwenye mfumo wa vyeti unaosimamiwa na Ofqual, mamlaka ya vyeti na mitihani huko Uingereza.

CELTA mizizi yake ni kozi ya wiki 2 iliyoanzishwa mwaka 1962 pale International House, London, shule ya John Haycraft na mkewe Brita, na kilichofanya ile kozi iwe ngeni kwa wakati ule ni kwamba mwalimu mpya alikuwa anapelekwa darasani siku zilezile za mwanzo badala ya kusomeshwa nadharia miaka na miaka. Mpaka leo huo ndo uti wa mgongo wake. Unakuwa na masaa yasiyopungua 120 ya kozi pamoja na wakufunzi na wenzako, ndani yake unafundisha masaa 6 ukikaguliwa, kwenye levo mbili tofauti za wanafunzi, unaangalia walimu wazoefu wakifundisha masaa mengine 6, na unaandika asaimenti 4 za maneno 750 hadi 1000 kila moja. Hamna mtihani wa mwisho, unapimwa toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na matokeo ni Pass, Pass B, Pass A au kufeli. Ukisoma full time inachukua wiki 4 au 5, ukisoma kidogokidogo inaenda miezi kadhaa. Toka 2020 inaruhusiwa kusomwa yote onlaini, ila hata huko wanafunzi unaowafundisha ni watu hai walioko kwenye skrini wakati huohuo, si vidio.

CertTESOL inafanana sana nayo, masaa yasiyopungua 130 na 6 ya kufundisha, lakini ina kipande kimoja ambacho binafsi nakipenda kuliko vyote: unafundishwa lugha usiyoijua kabisa, masaa 4 hivi, na mwalimu anayetumia lugha hiyohiyo, alafu unaandika ulichokipitia. Mtu aliyesahau inakuwaje kukaa darasani husikii hata neno moja anakumbushwa kwa nguvu. Unagundua kwamba mwalimu akiongea haraka unakata tamaa ndani ya dakika mbili, na akirudia neno mara tano kwa uso wa tabasamu unatamani kulisema na wewe. Hakuna kitabu kitakachokufundisha hilo.

TKT ya Cambridge ni kitu kingine, ni mtihani wa maarifa ya ufundishaji, moduli 3 za msingi, kila moja maswali 80 kwa dakika 80, unaweza kufanya hata moja tu, na hamna kufeli, unapewa daraja kuanzia Band 1 hadi Band 4. Haina kusimama darasani. Kwa mwalimu ambaye tayari anafundisha shule na anataka kupanga vizuri anachokijua ni nzuri sana, na Kiingereza cha kiwango cha B1 (cha kati, kwenye ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2) kinatosha kuanza nayo, lakini usidhani inachukua nafasi ya CELTA.

DELTA, cheti kingine cha Cambridge kilicho juu ya CELTA, usiiguse sasa hivi. Hiyo ni levo ya 7, ya walimu ambao wameshafundisha, na ukiingia bila uzoefu utaumia bure.

Alafu kuna zile kozi za onlaini za masaa 120. Hiyo namba 120 waajiri wengi wameizoea ndo mana inauzwa kila mahali, ila masaa 120 ya kusoma kurasa na kujibu maswali ya kuchagua si masaa 120 ya CELTA. Sisemi zote ni mbaya. Kama unataka kufundisha mtu mmoja mmoja kwenye mtandao, au unataka kujua kwanza kama kazi hii unaipenda, inaweza kukutosha kwa kuanzia. Kabla hujalipa hata hiyo, nenda kwenye tovuti ya TeachingEnglish ya British Council, kuna makala, vidio na mafunzo ya bure kwa walimu, soma mwezi mzima, ukiona bado una hamu basi lipia kitu chenye darasa ndani yake.

Namna ya kukagua kozi kabla haijakukagua wewe

Waandikie barua pepe fupi na uulize hivi. Nitafundisha wanafunzi wa kweli masaa mangapi, au nitafundisha wenzangu wa kozi wakijifanya wanafunzi? Kundi langu la mazoezi litakuwa na watu wangapi? (CELTA ni watu wasiozidi 6 kwa kundi, ukisikia 15 jua hamna mtu atakayekuona vizuri.) Anayenikagua amesoma nini na amefundisha wapi? Kuna mtu wa nje anayekuja kuhakiki kozi? CELTA kila kozi inatembelewa na mhakiki aliyeteuliwa na Cambridge, na Trinity nao wanatuma wa kwao anayekaa na kila mwanakozi amuulize kuhusu kazi yake, kwahiyo si kituo peke yake kinachoamua umefaulu. Na uliza pia nikiugua katikati inakuwaje, na ada inarudishwa kwa utaratibu gani. Kituo kizuri kinajibu yote haya bila kuzunguka. Kikikujibu kwa kukutumia ofa inayoisha usiku wa leo, funga huo ukurasa.

Wakikuambia cheti chao "kimetambuliwa" waulize kimetambuliwa na nani, mana kuna mashirika ya kutambua kozi ambayo yenyewe ni biashara binafsi. Kama wanasema kiko chini ya Ofqual, daftari la vyeti vya Ofqual liko wazi kwenye intaneti, tafuta jina mwenyewe, ni kazi ya dakika tano.

Sasa hili ni gumu kidogo ila lazima lisemwe mapema. Cheti cha kozi fupi hakikupi digrii na hakikupi leseni ya kufundisha shule za serikali. Na nchi nyingine zinaangalia pasipoti kabla ya kuangalia cheti. Mfano Korea Kusini, viza ya E-2 ya mwalimu wa lugha inataka digrii, na kwa walimu wa Kiingereza imekuwa ikitolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi 7 tu, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Inauma, najua, nimeona watu wenye Kiingereza safi na moyo wa kufundisha wakikwama hapo. Ndo mana nasema kabla hujalipa ada amua unataka kufundisha wapi, alafu soma masharti ya viza ya hapo kwenye tovuti ya serikali husika, si kwenye tangazo la anayeuza kozi.

Kabla ya kuomba, rudi kwenye grama

Kuingia CELTA unatakiwa uwe na miaka 18 au zaidi, elimu inayokuruhusu kuingia chuo, na Kiingereza cha juu, C1 ya juu au C2. Unapewa karatasi ya maswali ufanye nyumbani alafu unafanyiwa usaili. Wengi wanaokataliwa hawakataliwi kwa sababu hawajui kuongea, wanakataliwa kwa sababu hawawezi kueleza. Utaulizwa tofauti ya "She's been to Paris" na "She's gone to Paris", wa kwanza alienda akarudi, wa pili bado yuko huko, na hapo mtu anayeongea Kiingereza toka utoto anaweza akakaa kimya mana hajawahi kulazimika kulifikiria. Wewe uliyejifunza darasani ulishawahi. Hii ni faida yako na uitumie, usiingie kwenye usaili umeinama eti Kiingereza si lugha ya mama yako.

Ila kuna mitego yetu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili na ni bora uijue kabla. Mmoja ni kuazima. Kwetu nikisema nimeazima kitabu nimekichukua kwa mtu, na nikisema nimemuazima fulani kitabu nimempa, mzizi uleule, kumbe Kiingereza kina "borrow" na "lend", na hili ni swali linalopendwa sana kwenye zile karatasi. Kaa chini ulieleze kwa sentensi mbili na mchoro wa mshale, kitabu kinatoka kwa nani kinaenda kwa nani, uone kama mtoto wa miaka kumi atakuelewa.

Mwingine ni -me-. Tulifundishwa kwamba present perfect ndo -me-, nimefika ni "I have arrived", na ni kweli hapo. Sasa mwangalie mtu aliyejilaza kwenye kochi anakoroma, kwa Kiswahili amelala, na mwanafunzi atasema "he has slept" wakati alitakiwa aseme "he's asleep". Amevaa koti, "he's wearing a coat". Amesimama, "he's standing". Amechoka, "he's tired". Hiyo -me- yetu inabeba hali aliyonayo mtu sasa hivi, present perfect haibebi hivyo kila mara. Ukilijua hili utajua makosa ya mwanafunzi yanatoka wapi badala ya kumwambia tu umekosea, na moja ya asaimenti za CELTA ni hiyohiyo, unachukua mwanafunzi mmoja, unamsikiliza, unachambua makosa yake na asili yake na unapendekeza mazoezi. Mtu mwenye lugha mbili kichwani anaiandika vizuri mno.

Matamshi pia. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha Uingereza kwa hesabu ya kawaida ya vitabuni kina sauti 44 na karibu nusu yake, 20, ni za irabu, kwahiyo "ship" na "sheep" kwetu zinataka kuwa kitu kimoja. Jifunze alama za fonetiki, zile za kuandika sauti za maneno, kabla ya kozi, wiki mbili zinatosha ukifanya nusu saa kila siku, mana kozi ikishaanza hamna muda huo. Faraja ni kwamba zile sauti mbili za "th" zinazotesa nusu ya dunia sisi tunazo tayari, ya thamani na ya dhahabu.

Dakika 40 zilizonibadilisha

Nataka niwaambie kuhusu somo langu la pili kwenye TP, yale mazoezi ya kufundisha ukikaguliwa, kwasababu kila ninachowashauri watu kimetoka hapo.

Nilikuwa na wanafunzi 9, watu wazima, levo ya kati, na sentensi moja ya kufundishia, "I've lost my keys". Usiku wake nililala saa nane nikipanga. Nikasimama, nikaandika sentensi ubaoni kwa mwandiko mzuri, nikaanza kueleza, kitendo kilitokea wakati uliopita ambao hatuutaji na matokeo yake yapo mpaka sasa, nikachora mstari wa wakati, nikaeleza tena, nikatoa mifano, nikajisikia vizuri kabisa. Nikauliza "Do you understand?" wote wakaitikia kwa vichwa. Nikawapa zoezi. Wa kwanza kuandika akaandika "I've lost my keys yesterday". Jirani yake akaandika "I've lost my keys but I found them". Dakika zikawa zimeisha.

Mkufunzi wangu hakunigombeza. Alinipa karatasi yake, upande wa kushoto ameandika dakika na upande wa kulia nilichokuwa nafanya. Dakika ya 3 hadi ya 17: unaongea wewe. Dakika ya 18: umeuliza kama wameelewa, wameitikia. Na chini yake sentensi moja tu, umejuaje?

Nilikaa na hiyo karatasi muda mrefu. Nilikuwa nimefundisha miaka miwili kabla ya hapo na hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kila siku nauliza swali ambalo jibu lake halinisaidii, mwanafunzi mwenye adabu atasema ndio hata kama haelewi, tena huyo asiyeelewa ndo anawahi kuitikia. Alafu akanionyesha maswali matatu ya kuuliza badala yake. Have I got my keys now? Hapana. Do we know when I lost them? Hapana. Does it matter when? Hapana. Basi. Maneno mepesi kuliko kile unachofundisha, jibu fupi, na hamna neno present perfect ndani yake.

Somo la tatu nikayatumia na sentensi nyingine, "She's broken her arm". Nikauliza mkono umepona? Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele akasema "yes". Hapo, dakika ya 6, nikajua hajaelewa, nikashika mkono wangu wa kushoto kama umefungwa bandeji, nikauliza tena, akacheka, "no, no, it's bad now". Dakika ya 6 badala ya dakika ya 40. Hii ndo thamani ya kozi yenye mtu nyuma ya darasa, mana ningeweza kusoma kuhusu maswali ya kuhakiki maana kwenye kurasa mia na bado ningeuliza do you understand mpaka nastaafu.

Ukishaingia kwenye kozi

Panga somo kinyumenyume. Anza na kitu ambacho mwanafunzi atakuwa anakifanya dakika 10 za mwisho, mfano wawili wawili wanaambiana vitu vilivyowatokea wiki hii, alafu rudi nyuma ujiulize wanahitaji nini ili waweze kufanya hivyo. Wanakozi wengi wanaanza na maelezo kwasababu maelezo ndo yanawapa wao usalama, yanakula dakika zote, na lile zoezi la kuongea ambalo ndo somo lenyewe linakatwa. Kwenye andalio lako andika kabisa dakika ya mwisho ya kuacha kueleza, na ikifika acha, hata kama hujamaliza.

Kila kitu unachofundisha kichambue mara tatu kabla hujaingia: maana, umbo, matamshi, na mara zote maana kwanza. Maana utaionyesha vipi na utaihakiki kwa maswali gani. Umbo, sentensi inajengwaje, nini kinafuata nini. Matamshi, mkazo uko wapi na neno gani linamezwa, mana "I've" kwenye mdomo wa mzungumzaji karibu haisikiki na mwanafunzi asiyejua hilo atadhani amesikia "I lost". Ukiwa huna muda wa kufanya yote, ruka mapambo ya slaidi, usiruke huo uchambuzi.

Maelekezo ya mazoezi yaandike neno kwa neno, mafupi, na uyafanyie mazoezi kwa sauti nyumbani. Onyesha badala ya kueleza, chukua mwanafunzi mmoja fanyeni mfano mbele ya wenzake. Na karatasi zigawe baada ya kutoa maelekezo, si kabla, ukishazigawa wanaangalia karatasi na wewe unaongea na nywele zao.

Makosa usiyarukie papo hapo wakati wanaongea kwa uhuru. Zunguka na daftari, sikiliza, andika sentensi tano sita ulizozisikia, nyingine nzuri nyingine zenye makosa, alafu mwishoni ziweke ubaoni bila majina waambie wawili wawili watafute zipi zina shida. Wanazirekebisha wenyewe na hamna aliyeaibika.

Kuhusu mrejesho. Utakaa na wenzako na mkufunzi baada ya kila somo na mtasemana, na kuna siku utataka kujitetea, mwanafunzi fulani alichelewa, projekta iligoma. Andika tu. Usijibu. Siku ya pili yake soma ulichoandika na uchague kitu kimoja, kimoja tu, cha kubadilisha kwenye somo linalofuata, na kiandike juu ya andalio lako ili mkufunzi akione. Wanaofeli kozi hizi wengi wao si wale wanaofundisha vibaya siku ya kwanza, ni wale ambao somo la 6 lina kosa lilelile la somo la 1. Wakufunzi wanatafuta mtu anayesogea.

Na wenzako wakifundisha usikae unapanga somo lako la kesho chini ya meza, inashawishi sana mana muda hautoshi, ila mimi vitu vingi niliviiba kwa kuangalia wenzangu, jinsi mmoja alivyokuwa anasubiri. Anauliza swali anakaa kimya, anahesabu moyoni mpaka tano, na watu ambao kwangu hawakuwahi kuongea kwake wanaongea.

Asaimenti 4 za CELTA ukipewa ya kwanza anza jioni hiyohiyo hata aya moja, kila moja inaruhusiwa kurudiwa mara moja tu na ukirundika mbili wiki moja na TP juu yake utazama. Usinakili mahali popote, wanakagua, na hamna huruma hapo. Kama umechagua ya full time usipange na kazi nyingine, hata ya jioni, waambie na nyumbani kabisa kwamba mwezi huu nipo lakini sipo. Asiyeweza hivyo achukue ya kidogokidogo, cheti ni kilekile na hakiandikwi ulisoma kwa kasi gani.

Baada ya cheti

Usikae. Yaani ndani ya mwezi mmoja tafuta darasa hata dogo, hata la kujitolea, mana ule uzoefu wa kujiuliza kila dakika wanafanya nini na wanajifunza nini unayeyuka haraka sana ukiwa huna wanafunzi. Kwenye barua ya kuomba kazi usiandike tu "nina CELTA", andika umefundisha levo gani, watu wazima au watoto, masaa 6 ukikaguliwa, na weka andalio moja la somo lako bora. Taarifa ya mwisho unayopewa na kituo inaeleza nguvu zako kwa maneno, itumie, mwajiri anayejua kazi hii ataisoma kuliko atakavyosoma daraja.

Na mtu wa kukaa nyuma ya darasa akishaondoka inabidi umtengeneze. Mimi kila wiki ya kwanza ya muhula naweka simu juu ya kabati narekodi sauti ya kipindi kimoja, jioni nasikiliza na saa mkononi, naandika pembeni dakika nilizoongea mimi na dakika walizoongea wao. Alafu namuomba mwalimu mwenzangu aingie robo saa tu, na simwambii "niangalie nafundishaje", hilo swali halina jibu, namwambia niandikie kila swali nitakalouliza na nani kalijibu. Wiki iliyopita alinirudishia karatasi ina maswali 14, na 9 kati yake yalijibiwa na watu wawili walewale wa dirishani. Jumatatu nimewahamisha viti.